Mzizi wa Kuchoka

Mahojiano thelathini na mawili,
saa ishirini na saba za sauti,
kurasa mia nne na sita nilizozichapa
katika chumba cha nyuma, Nyalenda,
stima ikipotea, ikirudi, ikipotea.

Dkt. Wabwile aliniuliza swali moja tu:
“Utachambua kwa programu gani?”
Kama fundi anayeulizwa atakata kwa msumeno upi
na mti bado uko msituni.

Ya kwanza ilikuwa nzuri, nisiseme uongo.
Siku kumi na nne za bure,
halafu bei, kwa dola.
Nilipiga hesabu: kodi ya miezi saba,
na bado nichangiwe nauli.

Ya pili Odindo aliniletea kwenye flashi.
“Imevunjwa kufuli, dada, wewe tumia tu.”
Ikalimeza faili la namba tatu,
Mama Apondi wa mitumba, soko la Kibuye,
aliyenieleza anavyopima presha
kwa kusikiliza sikio la kushoto likilia.
Ilibidi nirudi nimwombe aseme tena.
Alisema tena.
Hakusema vilevile.

Ya tatu ilinichorea wingu la maneno.
Katikati ya wingu, kubwa kama bango la sabuni:
YA.
Kando yake NA, WA, KWA, na chini kidogo YAANI.
Miezi minane kwenye vumbi la soko,
wanawake thelathini na wawili,
na matokeo ni YA.
Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Nikatafuta basi neno nililolisikia mwenyewe
kila kibanda, kila alasiri: nimechoka.
Ikajibu: mara kumi na moja.
Kumi na moja?
Nikafungua kurasa kwa mkono.
Kumbe tumechoka alihesabiwa mgeni,
atachoka hakujuana na alichoka,
tulivyochoka amekaa kona yake
kama ndugu waliogombania shamba.
Mashine hiyo ilitengenezwa na watu
ambao mtu, wakati na kitendo
hulala vyumba mbalimbali.
Kwetu hulala kitanda kimoja:
kwanza nani, kisha lini,
maumivu ukutani.

Ya nne haina sura. Ya kijivu, ya bure,
imekaa kama fomu ya posta.
Lakini inapokea kinyota, alama ya chochote kile.
Nikaandika kinyota, choka, kinyota,
nikabonyeza.

Mia moja tisini na nne.
Walikuja wote mbio,
viambishi kichwani kama mafurushi ya mitumba.

Na katikati yao, kosa:
chokaa.
“Zahanati waliipaka chokaa,” anasema namba kumi na saba,
Bi. Khavugwi, muuza ndoo.
“Ukuta ukang'aa! Dawa ya presha, hakuna.
Nikaegemea kungoja.
Nikarudi nyumbani na mgongo mweupe.”

Kidole kilikuwa tayari juu ya kufuta.
Nikakirudisha.
Nikampa msimbo wake, rangi ya chungwa,
nikauita mgongo mweupe,
na kufikia Ijumaa ulikuwa umekusanya wanawake tisa:
aliyeona utepe ukikatwa,
aliyekalia kiti kipya kikiwa bado na nailoni,
aliyepigwa picha akitabasamu kando ya mashine
ambayo haikuwahi kuchomekwa.

Sura ya tatu, Daktari, iko kwenye meza yako.
Programu iliyotumika, toleo lake, sababu.
Nimeandika: gharama.
Nimeandika: uwezo wa kutafuta mzizi wa neno.
Sikuandika kwamba niliipenda siku ilipokosea.

Wala sikuandika kwamba wawili hawakuja.
Uchovu, kwa sababu ya ile v yake.
Na wasichoke, anayeishia kwa e,
ambaye Mama Apondi alimtaja mara moja tu,
akizungumzia binti zake.
Hao bado nawatafuta kwa mkono,
ukurasa baada ya ukurasa,
stima ikipotea.